Panda mpeasi hata kama una nia ya kurudi nyumbani

Wenzetu wengi walionunua nyumba hapa Ohio, wawe wametoka Uvira, Kigoma au Mombasa, bustani zao zinafanana. Mchicha upo, majani ya maboga yapo, sukuma wiki ipo, pilipili haikosi. Vyote ni vya msimu mmoja, theluji ikianguka vimekwisha. Ukiuliza habari ya mti wa matunda, jibu ni lilelile: "Mti wa nini, ndugu yangu? Sisi huku tunapita tu." Miaka inakatika, watoto wanamaliza shule, wajukuu wanaanza kuja, na uani bado ni nyasi tupu.

Mimi nasema pandeni. Na kama nafasi ni ya miti miwili tu, pandeni mipeasi ya Asia.

Kwa wasiolijua tunda hili: si lile peasi refu lenye shingo nyembamba linalolimwa Lushoto. Hili ni la mviringo, na ganda lake ni la kahawia lenye vidoadoa au la kijani kinachoelekea manjano, kutegemea aina. Ukiling'ata linakatika kwa mlio na maji yanakutiririka mkononi. Peasi la Kizungu huchumwa likiwa gumu, kisha ulisubiri ndani lilainike, na ukichelewa kidogo limeoza katikati. La Asia huivia mtini. Unachuma, unafuta vumbi, unakula papo hapo. Linalobaki hukaa kwenye friji wiki nyingi bila kupoteza ladha. Katika maduka ya Waasia linauzwa moja moja, limevishwa kijiwavu cha povu, na bei yake inaumiza mtu mwenye watoto wanne. Mti uliobebeshwa vizuri, yaani kijiti cha aina nzuri kilichoungwa kwenye shina la mpeasi mwingine, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa hiyo hata hoja ya kwamba mti ni wa wajukuu haina nguvu hapa.

Kuhusu hili la kupita tu, nawafikiria sana Wachina waliokwenda California baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848. Wengi walitoka Guangdong wakiwa na nia ya kuchuma na kurudi kwao. Walitozwa kodi za kibaguzi, walifukuzwa kwenye machimbo, na mwaka 1882 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Hata hivyo, kandokando ya vijito vya Sierra Nevada walipanda mapeasi. Hawakungoja kwanza wahakikishiwe kwamba watakaa. Walitaka tunda la kwao mahali walipokuwa, wakalipanda. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tunalo, na hapa wengi wetu tumekaa zaidi ya siku tatu.

Hata hadithi maarufu kuliko zote za peasi hili ni ya mtoto na jalala. Mwaka 1888 huko Chiba, Japani, mvulana wa miaka 13 aitwaye Matsudo Kakunosuke aliona mche umejiotea kwenye takataka za nyumba ya ndugu yake, akauhamisha na kuutunza. Miaka kama kumi baadaye ulizaa tunda laini, jeupe ndani, lenye maji mengi kuliko yote yaliyokuwa yakiliwa wakati huo. Ndiyo aina inayoitwa Nijisseiki, na mkoa wa Tottori umejijengea jina kwa tunda hilo.

Ila hapa Ohio siwashauri muanze na Nijisseiki. Adui mkubwa wa mapeasi huku ni bakteria aitwaye Erwinia amylovora. Huingia kupitia maua wakati wa joto na mvua za Aprili na Mei, na ndani ya siku chache tawi linanyauka, majani yanakuwa meusi kana kwamba mtu ameyapitishia moto, na ncha ya tawi inajikunja. Ugonjwa huu ni wa asili ya Amerika Kaskazini, na mapeasi ya Asia hayakuwahi kukutana nao huko yalikotoka, ndiyo maana aina nyingi hazina kinga. Shinko inajulikana kwa kuuvumilia, na Korean Giant nayo ina nafuu. Tawi likishikwa, likate siku kavu, sentimita 20 hadi 30 chini ya pale unapoona weusi umeishia. Usiumwagie mti mbolea ya naitrojeni kwa kuuonea huruma. Machipukizi laini yanayotokana na mbolea nyingi ndiyo bakteria huyo anayoyapenda.

Nunua aina mbili tofauti zinazochanua wakati mmoja, maana mti mmoja peke yake mara nyingi hauzai vya kutosha. Epuka kuitegemea Niitaka kwa uchavushaji, kwa sababu chavua yake haifai. Udongo wetu wa mfinyanzi hausumbui sana, mipeasi inauvumilia kuliko miti mingi. Kulungu ndio wanaosumbua, kwa hiyo zungushia mche wavu wa waya siku ileile unapoupanda.

Kuna mpeasi mwingine ambao nisingependa kuuona kwenye uwanja wa mtu yeyote, nao uko kila mtaa: ule wa maua meupe unaoitwa Bradford. Ni wa jamii ya mpeasi wa Callery kutoka China. Wataalamu waliuleta mwanzoni mwa karne iliyopita wakitafuta kinga dhidi ya bakteria huyohuyo niliyemtaja, na mwaka 1963 idara ya kilimo ya Marekani ikautoa Bradford kama mti wa pambo. Ukapandwa barabara nzima nzima. Baadaye uliingiliana na ndugu zake, ndege wakasambaza mbegu, na sasa mashamba yaliyoachwa yamejaa vichaka vyenye miiba. Tangu Januari 2023 ni marufuku kuuza miti hiyo katika jimbo hili. Kama umenunua nyumba yenye Bradford mbele, una sababu nzuri ya kuukata na kuweka mti unaolisha watu. Ujue pia kwamba Callery hutumiwa na vitalu vingine kama shina la chini la kubebeshea, kwa hiyo chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu la maungio liondoe mara moja, la sivyo mwisho wa siku utakuwa unatunza miiba.

Sasa nifike pale ninapogombana na watu wengi. Mpeasi wa Asia unazaa kupita kiasi. Fundo moja la maua linaweza kushika vitunda vitano au sita, na mti mchanga hauna uwezo wa kuvilea vyote. Wiki nne hadi sita baada ya maua, vikiwa na ukubwa wa gololi, lazima uvipunguze: katika kila fundo bakiza kimoja tu, kilicho kikubwa na kisicho na doa, na kati ya kimoja na kingine kwenye tawi iwe karibu sentimita 15. Shika kikonyo kwa vidole viwili, zungusha kidogo, au tumia mkasi mdogo ili usijeruhi fundo lenyewe, maana hapo ndipo patakapochanua tena mwaka ujao. Ukimaliza, chini ya mti panakuwa kijani kwa vitunda vilivyoanguka. Mama mmoja jirani yangu, mtu wa Bukavu, aliponikuta nikifanya hivyo alishika kichwa. "Mwanangu, unatupa chakula cha Mungu?" Nilimwelewa kabisa. Aliyewahi kuona njaa hawezi kufurahia kuangusha chakula. Nikamwambia, "Mama, nikiacha vyote, vyote vitakuwa vidogo na havina sukari, matawi yatavunjika, na mwakani mti utapumzika." Hakuridhika. Mwezi wa tisa nilimpelekea ndoo iliyojaa, akayaonja, na masika iliyofuata alikuja mwenyewe na mkasi wake kunisaidia.

Kuhusu kuchuma, usiangalie kalenda. Angalia rangi ya chini ya ganda inavyobadilika kutoka kijani, kisha onja moja. Hakuna kipimo kinachoshinda ulimi.

Na yakizidi, jikoni yana kazi. Wakorea husaga peasi hili na kulichanganya na nyama ya bulgogi kabla ya kuichoma, kwa sababu lina vimeng'enya vinavyolainisha nyama, kazi ileile ambayo watu wa pwani huifanyia papai bichi kwenye mishkaki. Papai bichi zuri ni shida kulipata huku. Saga nusu peasi na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, lowekea nyama saa mbili tatu, kisha weka kwenye makaa. Inatoka laini, na ule utamu mdogo wa tunda unaifanya nyama ishike rangi vizuri.

Vitalu vingi vya hapa hupokea oda majira ya baridi na kutuma miche isiyo na udongo kuanzia mwezi wa tatu. Aina nzuri huisha mapema, Shinko hasa. Agiza kufikia Januari, chimba mashimo mawili yaliyoachana mita nne au tano mahali panapopata jua kutwa, na mche ukifika upande kabla macho yake, yaani vichipukizi, hayajafunguka. Kovu la maungio libaki juu ya udongo.