Karabai Saba kwenye Arobaini ya Fundi

Ukitaka kumfanyia arobaini mtu wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyependwa na wavuvi, kwanza tazama mwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, maana ziwa zima lina mwanga. Mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wavuvi wanakuwa watu wa nchi kavu karibu wiki nzima. Ndiyo sababu shughuli ya Fundi ikasogezwa mbele siku tatu, ili watu wa Kibirizi na Katonga wote wawepo. Kamati ilihesabu mbalamwezi vizuri sana. Mawingu hawakuyahesabu, na ilikuwa Novemba, mvua za kwanza ndiyo kwanza zimelowesha vichuguu.

Fundi alikuwa mtengenezaji wa karabai, zile taa za mafuta za kupampu. Karabai ikikataa kupanda presha, wengi hulaumu mafuta ya taa. Yeye alianzia kwenye ngozi ya pampu, kwa kuwa ngozi ikikauka husinyaa, na upepo unapita pembeni badala ya kuingia kwenye tangi. Aliilowesha kwa mafuta ya cherehani, akaitanua kwa kidole gumba, basi, kazi imeisha. Mawese hakuyataka kabisa: yanaganda alfajiri, na pampu inakwama wakati uko katikati ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Kitundu cha mafuta kikiziba alikizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Malipo yalikuwa pesa kama unazo, dagaa kama huna pesa, na kama huna hata dagaa, basi "nisalimie nyumbani." Vijana sasa wamehamia taa za betri na sola, lakini wazee wenye karabai zao waliendelea kuja, wengine na taa isiyo na ubovu wowote.

Mimi nilikuwa upande wa jikoni. Watu mia mbili, mchele kilo 24, nyama kilo 18, na tuligawa masufuria mawili ya kilo 12. Anayepika kilo 24 katika sufuria moja anabana kuni tu. Wali wa chini unaungua, wa juu bado una kiini. Maji yakishakauka, kuni zinatolewa, mfuniko unawekwa na makaa yanapakuliwa juu yake. Hapo hakuna kufunua. Mpishi wetu alisimama na mwiko kama askari wa zamu.

Nje, juzuu 30 ziligawiwa watu 30, hitima ikasomwa ikaisha kabla ya Isha. Baada ya swala, mwenzake mmoja wa marehemu akashika kipaza sauti cha betri kusoma wasifu. Hapo umeme ukakatika, na mwezi nao ulikuwa umeshaingia mawinguni.

"Leteni taa za Fundi!" mtu akapaza sauti.

Kumbe walikuja nazo, karabai saba, zote zimepita mikononi mwa marehemu. Zilikuwa zitundikwe kwa heshima tu, bila kuwashwa. Mpwa wa marehemu kutoka Dar es Salaam akajitolea kuwasha ya kwanza. Karabai inaanza kwa spiriti: unamimina kwenye kijikombe kinachozunguka bomba, unawasha, unangoja karibu iishe ndipo bomba lipate moto. Ukishafanya hivyo unafunga skrubu ya upepo na kupampu taratibu, na mafuta yanafika juu yakiwa mvuke. Kijana akaruka hatua ya spiriti. Akapampu kwa bidii ya mtu anayejaza tairi la lori, akawasha kiberiti. Mafuta yalipanda yakiwa maji, na ulimi wa moto mwekundu ukaramba turubai. Mashehe wawili wakahama safu bila kuambiwa.

"Nani huyo anawasha bila kuipasha?" ilikuwa sauti ya mjane kutoka dirishani.

Yuko eda, miezi minne na siku kumi, kwa hiyo hatoki nje. Dirisha lake, hata hivyo, linatazama uwanjani, na halina pazia zito.

"Ni mimi, shangazi."

"Fungua skrubu utoe upepo, kisha kaa chini. Mpe mwenye akili."

Wavuvi wakaziwasha zote saba ndani ya dakika chache. Uwanja ukawa mchana. Msomaji akarudi kwenye karatasi yake: "Marehemu ametengeneza taa za ziwa hili tangu meli ya Liemba ianze safari..."

"Liemba imeanza 1927!" dirisha likasema. "Mume wangu alikuwa na miaka 71. Mnamzeesha ili iweje?"

Watu wakacheka wakiwa wameziba midomo. Msomaji akakata mstari huo kwa kalamu, akaendelea: "Alikuwa mtu wa maneno machache..." Hakumaliza, kumbikumbi aliingia mdomoni.

Wa pili akaingia kwenye kipaza sauti, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Kumbikumbi wakitoka kwenye vichuguu vilivyolowa hufuata mwanga, na sisi tulikuwa tumewasha mwanga unaotosha kuita dagaa kutoka upande wa Kongo. Walijaa kwenye kofia, kwenye kanzu, kwenye birika za kunawia. Mabawa yalidondoka hadi mikeka ikabadilika rangi. Mmoja akatoboa utambi wa karabai ya tatu. Utambi wa karabai ni kifuko cha nyuzi, na ukishaungua mara ya kwanza hubaki majivu yaliyoshikana tu, hauvumilii hata kuguswa. Moto ukachomoka kwenye lile tundu ukapiga glasi sehemu moja, glasi ikapasuka pwaa! Na ni dakika hiyohiyo mpishi wetu, akidhani hiyo ndiyo ishara ya kupakua, akafunua sufuria la kwanza.

Sitaeleza yote. Niseme tu kwamba pilau ya juu ilipata nyama ambayo haikuwa kwenye bajeti. Kinamama wawili wa Kiha wakasema sasa ndiyo imekamilika. Kijana mmoja akamuuliza shehe kama inafaa kuliwa. Shehe, akikung'uta kilemba, akajibu: "Swali hilo niletee kesho asubuhi, taa zikiwa zimezimwa."

Wengine wakaanza kukimbilia karabai wazizime zote. Hiyo ingekuwa balaa jingine: watu mia mbili gizani, watoto, na masufuria mawili yenye makaa juu.

"Msizime ovyo!" dirisha likafoka. "Ninyi ni wavuvi au wageni? Zimeni kama mnavyozima ziwani!"

Hapo wakakumbuka kazi yao. Ziwani, dagaa wakishakusanyika, taa haziondolewi kwa pamoja. Zinazimwa moja baada ya nyingine, samaki wanahamia kwenye iliyobaki, na hiyo moja inafifishwa na kusogezwa polepole hadi juu ya wavu. Mzee mmoja akachukua karabai kubwa, akatembea nayo taratibu kuelekea mwembe wa nyuma, chini yake yamewekwa mabeseni ya maji. Nyuma yake wenzake wakafungua skrubu, taa ikalala, wakangoja, wakafungua nyingine. Kundi lote la kumbikumbi likamfuata yule mzee. Uwanjani tukabaki na tochi za simu. Wali wa juu ukaondolewa kwa sahani, wa chini ukapakuliwa ukiwa salama, na sufuria la pili halikuwa na tatizo. Pilau ikatosha, ila waliokaa mwisho walipata viazi vingi kuliko nyama.

Msomaji akamaliza wasifu kwa tochi, akarudi palepale: "Alikuwa mtu wa maneno machache."

"Machache kwenu," dirisha likasema. "Mimi alinisimulia kila karabai. Hiyo ya tatu iliyopasuka, aliwaambieni mbadilishe utambi tangu Ramadhani."

Mabeseni mawili yakajaa. Asubuhi kumbikumbi walikaangwa bila mafuta, maana wana yao ya kutosha, wakaanikwa, mabawa yakapepetwa kwa ungo, chumvi ikawekwa mwisho. Bakuli la kwanza lilipitishwa dirishani.

Saa nne hivi akaja mwenye karabai ya tatu, ameishika kwa shingo, glasi haina. Akabisha hodi kama alivyozoea miaka yote.

"Hodi! Fundi yupo?"

Tuliokuwa barazani tukatazamana. Yeye mwenyewe akashika mdomo.

"Hayupo," mjane akajibu kutoka ndani. "Iweke hapo mlangoni, nitaitazama mimi. Glasi ununue mwenyewe, na uje na spiriti, hiyo ya mume wangu mmeimaliza jana."