Eti Mkopo Utajilipa Wenyewe

Limeanza kuzunguka tena lile bango. Safari hii limenifikia kwenye kundi la wazazi wa shule, kundi ambalo tulikubaliana ni la ada na basi la watoto tu. Juu kuna picha ya noti za elfu kumi, chini yake maneno: "Kopa milioni 10, weka kwenye mfuko, mkopo ujilipe wenyewe." Haikupita saa, wazazi wenzangu, watu wazima na shahada zao, wakawa wanaulizana benki gani inatoa haraka.

Tuelewane. Sina ugomvi na mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ile inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza. Vipande, yaani sehemu unazonunua kwenye mfuko, ninavyo, na ningefurahi kila anayelalamika kwamba Dar hela haikai angekuwa navyo. Ugomvi wangu ni na lile neno la kwanza la bango: kopa. Na kwa nini iwe milioni 10, si saba? Kwa sababu kwenye Mfuko wa Hatifungani ulioanza 2019 chini ya UTT, taasisi ya Serikali inayoendesha mifuko hii, anayetaka gawio la kila mwezi anaanza na milioni 10. Anayetaka la kila miezi sita, milioni tano. Anayekubali faida ilimbikizwe anaingia na elfu hamsini tu. Lakini watu wa mjini tutaanzaje na elfu hamsini? Tunataka ujumbe uingie kwenye simu kila mwezi, tena uingie tukiwa na watu.

Haya, twende kwenye hesabu, maana ujanja wote umejificha hapo, na ni ujanja mzuri kweli. Unakopa milioni 10 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, riba ya kupungua, yaani inayotozwa kwenye deni lililobaki tu, miaka mitatu. Rejesho ni kama shilingi 351,600 kwa mwezi. Mpaka unamaliza umelipa milioni 12.66, yaani riba milioni 2.66. Ile milioni 10 ikikaa kwenye mfuko unaozalisha asilimia 12 kwa mwaka, faida ikijumlishwa kila mwezi bila kuguswa, inafika milioni 14.31. Riba 2.66, faida 4.31. Chukua milioni yako moja na laki sita ukatembee Zanzibar. Nani atabisha?

Nabisha mimi. Hiyo 351,600 ya kila mwezi inatoka wapi? Haitoki kwenye mfuko, kwa sababu tumesema faida haiguswi. Inatoka kwenye mshahara wako. Bango linaihesabu kana kwamba ulikuwa unaiokota Coco Beach. Sasa chukua rejesho hilohilo, usikope hata senti tano, kila mwisho wa mwezi lipeleke kwenye mfuko uleule, kwa asilimia 12 ileile. Baada ya miezi 36 una milioni 15.14.

Soma tena. Aliyekopa ana 14.31. Ambaye hakukopa ana 15.14. Wote wametoa mfukoni kiasi kilekile, miezi ileile. Hiyo laki nane na ushee ndiyo umewaachia benki kwa heshima ya kuitwa mteja wao. Riba ilionekana ndogo kwa sababu kila mwezi ulikuwa unapunguza deni, na ulilipunguza kwa jasho lako, wala si kwa maajabu ya mfuko. Na sijagusa ada ya kushughulikia mkopo wala bima, vinavyokatwa kabla hujaiona hela. Umeomba milioni 10, imeingia tisa na kitu, na lile sharti la milioni 10 linakusubiri palepale. Hapo ndipo shemeji anapigiwa simu.

Halafu jiulize mfuko wenyewe hela unaipeleka wapi. Sehemu kubwa inakwenda kwenye hatifungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali kwa riba. Benki inayokukopesha nayo inanunua hatifungani hizohizo. Ina watu wanaolipwa mshahara mnono kukaa na kuangalia hela ikipelekwa wapi italeta zaidi. Wamekaa, wameangalia, wamekuchagua wewe. Kama kukaa na hatifungani kungewalipa kuliko riba yako, wangekupa mkopo wa nini?

Na viwango havikai mahali pamoja. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.1. Mfuko hauna namna ya kukwepa upepo huo, na ndiyo maana hakuna mfuko wa namna hii unaokuahidi faida ya mwakani. Anayekuahidi ni mwenye bango. Mkataba wako wa mkopo, ukiwa wa riba isiyobadilika, hautakuonea huruma.

Kuna hoja moja inaniudhi kwa sababu ina ukweli. Nayo ni hii: "Bila mkopo sitaweka. Mshahara ukiingia unaisha. Mkopo unanilazimisha." Sawa. Najua nyumba zilizopauliwa hapa mjini kwa sababu tu makato yalitangulia kabla mwenye mshahara hajaiona hela. Lakini benki hiyohiyo unaweza kuiagiza ihamishe kiasi kila siku ya mshahara, kwa gharama ndogo kuliko laki nane. Tena agizo hilo mtoto akilazwa unalisitisha. Mkopo hausitishwi.

Wako wanaopata mkopo wa SACCOS kwa riba chini ya faida ya mfuko; hao wapige hesabu zao, labda inalipa. Wako waliokopa wakanunua hisa za benki bei zikapanda; hongera zao, wasitufanyie semina. Na mfanyabiashara wa Kariakoo anayekopa kuleta sare za shule kabla ya Januari simhesabu kabisa humu, hela yake inazunguka kwa namna ambayo asilimia 12 kwa mwaka ni kichekesho. Wanaokopa kausha damu wakanunue vipande nawaombea dua.

Kinachoniuma ni mwalimu mmoja, jirani yetu huku Kimara. Alikopa milioni 10 kwa miaka mitano, akachagua gawio la kila mwezi. Juzi kanionyesha salari slipu kwenye simu, kioo kina ufa pale kwenye tarakimu za mwisho, ikabidi tuinamishe ndiyo zisomeke. Makato ya mkopo laki mbili na arobaini na ushee. Gawio linaloingia halifiki laki moja. Hiyo tofauti analipia kwa kupanda daladala mbili badala ya tatu na kutembea kipande kilichobaki.

"Sasa kaka, mbona walisema utajilipa?"

"Walisema, dada. Hawakusema kwa hela ya nani."

Hakucheka. Nikamwambia aende benki aombe barua ya salio la kumaliza mkopo, aulize na kama kuna faini ya kulipa mapema. Kisha auze vipande, alipe deni lote litakalolipika, na makato yakipungua au yakikoma, kiasi kile kile akianzishe upya kwenye mfuko, safari hii kwenye mpango wa elfu hamsini. Akaniuliza kama hapo ndipo alipotakiwa kuanzia. Nikamjibu ndiyo.