Mpanda farasi wa asubuhi: afunzwe shuleni au zizini?

Newmarket, mashariki ya Uingereza, ni mji ambao magari husimama kupisha farasi. Wakazi wake ni kama elfu ishirini, na farasi wa mbio wanaofanyiwa mazoezi hapo wanakaribia 3,000. Alfajiri wanatoka mazizini kwa misafara, mmoja nyuma ya mwingine, kuelekea kilima cha mazoezi cha Warren Hill. Juu ya kila farasi yupo mtu ambaye jina lake halitaonekana gazetini. Si joki, yule mpanda farasi wa siku ya mbio. Joki tutamwona Jumamosi kwenye televisheni na mavazi yake ya rangi. Huyu ni mpandaji wa mazoezi. Akishashuka kwenye farasi wa kwanza anapanda wa pili, kisha wa tatu, na mwisho anashika reki kusafisha banda.

Kazi yenyewe si ya kubembea tu juu ya tandiko. Mnyama ana kilo 500 hivi, huenda ndiyo kwanza ana miaka miwili, na akiachiwa hupita kilomita 60 kwa saa. Mkufunzi wa farasi amesema leo nusu mwendo, asimalize nguvu. Farasi hajaambiwa. Mpandaji anatakiwa kumzuia bila kupigana naye, ahesabu mwendo kichwani bila saa, na asikie kwa mapaja kama mguu mmoja umeanza kukwepa ardhi. Mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba farasi ana maumivu, kabla hata daktari wa mifugo hajaitwa. Mwaka 1973 farasi Secretariat aliposhinda mbio za Belmont kwa urefu wa farasi 31 na kukamilisha mataji matatu ya Marekani, joki alikuwa Ron Turcotte, na dunia ya mbio inamjua. Asubuhi farasi huyo alikuwa akipandwa na Jim Gaffney na Charlie Davis. Waulize mashabiki kumi hao ni nani.

Mtu wa namna hii afunzwe wapi? Kwa vizazi jibu lilikuwa zizini. Kijana mwepesi aliletwa akiwa mdogo, akapewa ufagio, akaangalia wakubwa wanavyofanya, na siku moja akarushwa juu ya farasi mpole. Kisha shule zikaja. Ireland ilianzisha chuo chake Kildare mwaka 1973. British Racing School ya Newmarket ilianza 1983, na kaskazini kukawa na chuo kingine karibu na Doncaster. Marekani ilichelewa: North American Racing Academy ya Lexington, Kentucky, ilianzishwa 2006 na Chris McCarron, joki mashuhuri aliyekuwa amestaafu, na ikawekwa chini ya chuo cha umma cha ufundi.

Wanaozitetea shule wana hoja moja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri, nayo ni ya kuanguka. Siku ya mbio Uingereza, gari la wagonjwa huwafuata majoki kando ya uwanja hadi mwisho, na madaktari wapo. Asubuhi kwenye nyanda za mazoezi hakuna gari linaloufuata kila msafara, na huyo wa asubuhi anapanda farasi kadhaa kila siku. Shuleni kijana huanza na farasi wa mashine, wa mbao na springi, anayemwezesha kukosea mara mia bila kuvunjika. Baadaye hupewa farasi mzee aliyestaafu mbio, anayeijua kazi kuliko mwanafunzi wake. Njiani hufundishwa namna ya kujikunja na kubingirika anapoachana na tandiko. Zizini nani ana nafasi ya kukufundisha kuanguka? Somo hilo utalipata siku ya kuanguka kwenyewe.

Hoja yao ya pili inahusu wanakotoka hao vijana. Zamani watoto waliozoea farasi walitoka mashambani, na wembamba hawakuwa adimu. Siku hizi familia zenye farasi ni chache na miili imekuwa mikubwa. Shule za Uingereza hupokea vijana kuanzia miaka 16, baadhi yao hawajawahi kugusa farasi maishani, na wengi hawalipi ada kwa kozi ya mwanzo. Bila mlango huo, mtoto wa mjini angeingiaje?

Upande wa pili nao si wa watu wakaidi tu. Wakufunzi wa farasi wakongwe wanasema hisia za mikono hazifundishwi kwa wiki chache. Farasi mstaafu wa shule amekwisha kutulia, wakati farasi dume wa miaka miwili siku ya baridi yenye upepo ni kiumbe kingine kabisa. Kijana mwenye cheti anaweza kufika zizini na ujasiri uliozidi ujuzi wake, na hapo cheti kinakuwa hatari badala ya kinga. Hili nalikubali nusu. Ni hoja ya kutaka kijana aendelee kusimamiwa baada ya kozi, lakini haitoshi kuifuta kozi.

Hoja yao nzito zaidi ni ile ambayo wenyewe hawaisemi kwa sauti. Kazi hii leo inabebwa na wahamiaji. Newmarket kuna wapandaji waliotoka India, Pakistan, Ufilipino, Brazili na Ulaya ya Mashariki. Kentucky wengi wanatoka Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Baadhi yao wamepanda tangu utotoni, na hakuna mwalimu wa kuwafundisha namna ya kukaa juu ya farasi. Ukisema kesho hapandi mtu asiye na cheti, unayemfungia mlango ni huyu anayejua kazi ila hajui kujaza fomu kwa Kiingereza.

Afrika Kusini ilipitia jambo hili kwa namna yake. Chuo cha majoki cha Summerveld, karibu na Durban, kilianzishwa 1958, na kilimtoa Michael Roberts, aliyekuwa joki bingwa wa Uingereza mwaka 1992. Miaka mingi baadaye kikamtoa S'manga Khumalo, ambaye mwaka 2013 alikuwa joki mweusi wa kwanza kushinda mbio kubwa za Durban July. Lakini wapo watu ambao mlango ule haukuwa wao: masaisi weusi, yaani watunza farasi, waliokuwa wakipanda farasi asubuhi kwa miaka na kurudi mabandani mbio zilipoanza. Baadaye wakatengenezewa mpango wao wa mafunzo, pamoja na mbio maalumu ambazo wao ndio wanaopanda. Hilo lilikuwa jema, ingawa lilichelewa. Chuo kilikuwapo miaka yote hiyo, na ujuzi wao ulikuwapo pia, umbali wa kutupa jiwe.

Katika ubishi huu wote kuna jambo linaloachwa nje. Uingereza imekuwa ikizalisha vijana wenye mafunzo kwa zaidi ya miaka arobaini na bado mazizi yanalalamika kukosa watu. Kama shida ingekuwa mafunzo peke yake, ingekuwa imekwisha. Vijana wanaingia, wanapanda miaka michache, kisha wanaondoka, maana kazi inaanza gizani, wikiendi ni za zamu na mgongo unauma mapema. Kutwanga nisile unga, nazuia mchi wangu. Manung'uniko haya si mapya. Mwaka 1975 wafanyakazi wa mazizi ya Newmarket waligoma kwa ajili ya mishahara, wakafika hadi kuketi uwanjani siku ya mbio kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tume chini ya Lord Donoughue iliundwa kuchunguza hali yao. Yapo mafanikio: viwango vya chini vya mishahara hujadiliwa kati ya chama cha wakufunzi na chama cha wafanyakazi, na sehemu ya zawadi za ushindi hugawiwa watu wa zizi. Marekani wapandaji wengi ni watu wa kujitegemea wanaolipwa kwa kila farasi. Asiyepanda leo kwa sababu ya bega lililovimba hana chake.

Linganisha na upande wa mameneja. Tangu 2003 upo mpango wa Godolphin Flying Start, miaka miwili iliyogharamiwa, inayomzungusha kijana Ireland, Newmarket, Kentucky, Australia na Dubai kumwandaa kuwa kiongozi wa sekta. Ni mpango mzuri, sina kinyongo nao. Nashangaa tu kwamba anayekaa ofisini hupewa miaka miwili, na anayekaa juu ya farasi wiki chache.

Kwa hiyo msimamo wangu uko pande mbili kutegemea mtu. Asiyewahi kupanda apite shuleni kwanza, bila mjadala, kwa sababu ya shingo yake. Aliyekwisha kupanda miaka kumi asirudishwe darasani. Apimwe alipo, juu ya farasi, na mpimaji anayejua kazi. Sisi huku hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano: NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda ya Kenya, humpima fundi wa jua kali aliyejifunza kwa mikono na kumpa daraja lake, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, nayo ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa.

Nairobi kuna uwanja wa Ngong, ambao umekuwa ukikimbiza farasi tangu 1954, na huko neno saisi bado linaishi. Baadhi ya masaisi hupanda mazoezi ya alfajiri, na wengi walifundishwa na baba, mjomba au saisi mkubwa. Sekta ni ndogo na kujenga chuo kwa ajili yake ni ndoto ya gharama. Mpimaji mmoja na siku chache za majaribio zinatosha kuanzia. Ila karatasi ya daraja isitolewe kabla wenye farasi hawajakubaliana kwa maandishi saisi mwenye daraja la kwanza atamzidi wa daraja la tatu shilingi ngapi kwa kila farasi, na nani atalipa hospitali akianguka.