Msililaumu ziwa, kaulizeni Karema

Kila maji ya Ziwa Tanganyika yakiingia kwenye nyumba za Katonga na Kibirizi, mjini Kigoma, tunaimbiwa wimbo uleule: ziwa limevamia makazi. Limevamia! Anayetaka kujua nani kamvamia nani ashuke kusini mpaka Karema, atazame misheni ile kongwe na mahali ilipo.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold, alianza kujenga ngome Karema, juu ya kilima kilichopakana na maji. Asichokijua ni kwamba alilikuta ziwa likiwa limejaa kupita kawaida yake. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, na mlango huo ulikuwa umezibwa kwa tope na mafunjo. Maji yalipanda mwaka hadi mwaka mpaka kizibo kikaachia, karibu na 1878. Kuanzia hapo yakashuka takriban mita 10 katika muda usiozidi miaka 20. Ngome iliyojengwa ufukweni ikajikuta bara, mbele yake uwanda wa tope. Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 aliponda vibaya uchaguzi wa mahali pale.

Mwaka 1885 Wabelgiji waliwaachia Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, mahali hapo, na kijiji kikakua kando ya misheni: wenyeji Wabende, waliokombolewa utumwani, na waliokimbia misafara ya watumwa. Ndipo alipotibia watu Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akasomeshwa udaktari Malta, akaishi Karema hadi alipofariki mwaka 1956. (Mtu huyu alistahili mnara mkubwa kuliko ule wa Livingstone pale Ujiji, lakini hayo tuyaache.)

Kwa hiyo ziwa hupanda na kushuka, na si siri. Lilipanda tena sana miaka ya 1960 baada ya mvua kubwa za 1961. Ndani ya mwaka mmoja tu wa kawaida hupishana karibu sentimita 80, kilele kikiwa Aprili na Mei, na maji ya chini kabisa yakiwa Oktoba na Novemba. Sasa angalia viwanja vinauzwa lini: kiangazi, mchanga ukiwa mpana na mweupe. Dalali naye si mjinga.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka ujenzi ukae mita 60 kutoka ukingo wa maji. Haya, ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Lakini mita 60 kwa hatua za miguu zina maana gani ufukwe ukiwa tambarare? Ardhi ikipanda mita 1 kwa kila mita 50, mita 60 zinakupa kimo cha mita 1 na sentimita 20 tu juu ya maji. Toa zile sentimita 80 za msimu kama ulipima Oktoba, zinabaki 40, chini ya urefu wa ndoo mbili. Mwenzako mwenye kiwanja kwenye mwinuko, kwa mita 60 hizohizo, analala juu ya mita 10. Kinachookoa nyumba ni kimo.

Na kimo hakihitaji mitambo. Fundi yeyote ana mpira mwangavu wa maji. Chukua wa mita 20, ujaze maji taratibu mpaka mapovu yaishe. Povu moja likibaki, kipimo kinadanganya. Simamisha kigingi penye ukingo wa maji ya Mei na kingine upande wa juu, fungua ncha zote mbili (ukiziba moja kwa kidole, maji hayatalingana), weka alama maji yakitulia, kisha pima tofauti ya alama hizo kutoka ardhini. Hamisha, rudia, jumlisha. Chini ya mita 3 juu ya maji ya Mei ya mwaka wa kawaida, panda bustani, anika dagaa, usijenge. Kwenye ardhi niliyoitolea mfano hizo ni mita 150, na najua wenye viwanja watanichukia.

Hata hizo hazitoshi kwa choo. Maji ya ardhini hupanda pamoja na ziwa, shimo hujaa kutoka chini wakati sebule bado ni kavu, na kisima cha jirani kinapokea kilichomo. Kipindupindu Kigoma tunakijua. Anayechimba shimo la mita 4 mahali penye kimo cha mita 3 amechimba ndani ya ziwa, hata kama Oktoba alitoa udongo mkavu karibu mpaka chini.