Butlegi: lazima mbio zitangulie?

Makocha wengi wa futiboli ya Marekani hufundisha hivi: kimbieni na mpira kwanza, tena na tena, mpaka walinzi wachoke kuwafukuza, ndipo mpige butlegi. Hapo kwotabeki, yule anayeanzisha mchezo na kurusha pasi, hujifanya anamkabidhi mpira mkimbiaji, wazuiaji wote (wenzake wanaowakinga walinzi) wanasogea kushoto, kumbe yeye ameuficha nyongani na anatokea kulia kutafuta wa kumrushia.

Mfano wao ni timu ya Denver Broncos ya kocha Mike Shanahan. Msimu wa 1998 mkimbiaji Terrell Davis alikimbia yadi 2,008, na kwotabeki John Elway akawa anatoka upande wa pili macho yote yakiwa kwa Davis. Timu ilibeba Super Bowl, fainali ya ubingwa, mara mbili mfululizo, Januari 1998 na Januari 1999.

Lakini mwaka 2018 mchambuzi Ben Baldwin alipopitia takwimu za NFL, ligi kuu ya mchezo huu, hakuona kwamba timu zinazokimbia sana, au vizuri, ndizo zinazonufaika zaidi na pasi za chenga kama hizi. Mimi naamini jibu limo machoni mwa mlinzi. Akiwa uwanjani hana muda wa kuhesabu mbio zilizopita. Anatazama wazuiaji na mkimbiaji, na akiona sura ileile ya mbio, miguu inaondoka kabla ya akili. Ameshapelekwa sokoni.

Kwa hiyo napata uchungu nikiona mazoezi ya vijana yanaishia kwenye mkono wa kwotabeki. Mkimbiaji ndiye wa kufundishwa kukumbatia tumbo tupu na kupiga mbio kana kwamba anao mpira. Na mzuiaji mmoja tu akinyanyuka wima kukinga pasi, siri imevuja.

Hata hivyo wanaotaka mbio kwanza wana hoja moja nisiyoweza kuipuuza: mlinzi wa pembeni kulia, ambaye mara nyingi huachwa bila wa kumzuia. Huyu akishaona mbio zinamponyoka mara kadhaa, anakosa subira na kukimbilia ndani. Asipokuwa na sababu ya kukimbilia ndani, kwotabeki aliyewapa walinzi mgongo anageuka na kukutana naye uso kwa uso. Butlegi ya kushoto ni mbaya zaidi kwa anayetumia mkono wa kulia: asipogeuza mabega kwanza, mpira unaelea na kunaswa.

Kwa vijana ningeanza na kulia, mpokeaji mmoja akiwa karibu na mstari wa pembeni, yadi 3 au 4 tu mbele. Mlinzi akibaki amesimama anangoja, mpira uende kwa huyo papo hapo.