Banda la chuo Sabasaba sio aibu, aibu iko ukumbini

Kila mwaka yakikaribia maonesho ya biashara ya Sabasaba hapa Dar, mabanda ya vyuo yakianza kusimama kule Kilwa Road, lazima nimsikie mtu analalamika, na mara nyingi ni mhadhiri, mtu mzima na heshima zake. Chuo kikuu kinatafuta nini pale kati ya wauza magodoro na majiko ya gesi? Chuo sio duka bwana, chuo kikitaka kuongea na umma kinaandaa mhadhara wa wazi, watu wanakuja, wanasikiliza, wanauliza. Kuweka meza na vipeperushi na vijana waliovaa fulana za nembo ni kujidhalilisha.

Hoja hii sio ya kijinga na sitaki kuipuuza. Anayeijua historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anajua mihadhara ilikuwa kitu gani pale. Kile chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani 1964, na ndani ya miaka michache kikawa sehemu ambayo dunia nzima inapita kuongea. Stokely Carmichael, mpigania haki za weusi wa Marekani, alipita, C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad, alipita, Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha pale, na wanafunzi wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, enzi hizo mwenyekiti wao ni kijana anaitwa Museveni, huyu rais wa Uganda, walikuwa na madarasa yao ya itikadi Jumapili asubuhi, wenzao wakiwa kanisani. Jarida lao la Cheche lilipigwa marufuku 1970, na huwezi kupigwa marufuku kama hakuna anayekusikia. Halafu baadae sana ikaja Kigoda cha Mwalimu Nyerere, nafasi ya heshima ya uprofesa, mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, na mwaka uliofuata mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka akaja kutoa mihadhara. Watu walikuja wenyewe, hakuna aliyebebwa na basi la chuo.

Kwa hiyo anayetetea mhadhara anatetea kitu kilichokuwepo kweli. Ninachombishia ni kwamba anatetea mhadhara wa 1969 kwa kuutumia kuponda banda la leo, wakati mhadhara wa leo haufanani kabisa na ule.

Tena huyo Rodney wanayependa kumtaja. Oktoba 1968 serikali ya Jamaica ilimzuia kurudi nchini alikokuwa anafundisha, na kilichowakera hasa wakubwa wa kule ni kwamba alikuwa anatoka chuoni, anakwenda kukaa na Marasta na watu wa mitaa ya chini ya Kingston, anaongea nao historia ya Afrika huko huko waliko. Angebaki na maiki yake ukumbini huenda wasingehangaika naye. Ndo akaja Dar tena mwaka 1969. Sasa mtu anamtumia huyo huyo kusema msomi asitoke getini, mi hapo huwa nashindwa kuelewa.

Tuuangalie mhadhara wa siku hizi. Sisemi chuo gani, maana kwa kweli ni karibu vyote. Kadi inasema saa nane mchana. Saa nane ukumbi una wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioambiwa watasaini mahudhurio, na viti vya mbele vyenye karatasi, "vimehifadhiwa". Meza kuu inaingia saa tisa kasoro. Wimbo wa taifa, utambulisho, itifaki inazingatiwa, halafu kila anayesimama anasema itifaki imezingatiwa na bado anaizingatia upya kuanzia juu mpaka chini. Neno la mkuu wa ndaki, neno la makamu mkuu wa chuo, wasifu wa mzungumzaji unasomwa karatasi mbili nzima mpaka shule ya msingi aliyosoma. Mhadhara wenyewe ukianza saa kumi una bahati. Mzungumzaji ana slaidi hamsini, anafika ya ishirini na tano anaanza kuzirusha, "hii tutairuka, hii nayo tutairuka". Anakuja mchokoza mada, naye na slaidi zake. Halafu sasa, saa kumi na moja na nusu, watu washaanza kunusa chai ya nje, MC anachukua maiki: kutokana na ufinyu wa muda tutachukua maswali matatu tu na yawe mafupi.

Matatu! Na hayo matatu tunajua yanakwenda kwa nani. La kwanza profesa mstaafu wa mstari wa mbele, ambaye hana swali ana mchango, na mchango wake ni mhadhara mwingine. La pili mtu wa wizarani. La tatu ndo wanampa "kijana kule nyuma, tafadhali kwa kifupi". Kama mada imetolewa kwa Kiingereza, na nyingi zinatolewa kwa Kiingereza, yule kijana anaanza kwa kuomba radhi kwamba atauliza kwa Kiswahili. Anaomba radhi, Dar es Salaam, kuongea Kiswahili! Na jibu linarudi kwa Kiingereza, au linarudi "maswali yote ni mazuri, nitayajibu kwa pamoja", ukisikia hivyo ujue hakuna litakalojibiwa.

Hilo la maswali ndilo linalonisumbua kuliko yote, kuliko hata lugha, kwa sababu mhadhara ukiondoa maswali unabaki kitu ambacho ungeweza kukirekodi ukakituma kwa simu, watu wakasikiliza wakiwa kwenye foleni ya Ubungo. Kinachofanya uitwe wa wazi ni mtu wa nje kuweza kusimama akasema hapo sijaelewa, au hapo unatudanganya. Mhadhara wenye dakika kumi za maswali kwa watu mia tatu umefungwa, hata kama milango yote ya ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani iko wazi na feni zinazunguka. (Ukumbi mzuri ule, waliuweka nyuma ya noti ya 500, ingawa noti yenyewe imeshaondolewa, siku hizi ni sarafu.)

Na hapo mhadhara ni bure, Sabasaba unalipa kiingilio. Watu wanapanga foleni juani, wanakata tiketi na watoto wao wawili watatu, wanafika kwenye banda la chuo wanauliza maswali. Ukumbini hakuna kiingilio na bado inabidi tusainishe mahudhurio. Hawa wanaosema umma hauna hamu na elimu wangeanza kueleza hapo kwanza.

Sasa twende bandani. Nane Nane ya Morogoro, maonesho ya wakulima, meza ya chuo, kijana wa kike mwanafunzi ana chupa tupu ya soda iliyokaushwa vizuri, mahindi ya gunia na chumvi kavu. Amesimama mama mmoja wa makamo, pochi kwapani. Binti ameamkia, ameitikiwa marahaba mwanangu, anaendelea: unaweka mahindi kwenye chupa, unaweka chumvi kidogo, unatikisa, unaacha robo saa. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa mahindi yana unyevu, usiyahifadhi, rudisha juani. Ikianguka chini bila kuganda, yamekauka, tia kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, funga, hata dawa ya wadudu huhitaji kwa sababu wadudu wanakosa hewa wanakufa. Mama anaangalia tu. Halafu anauliza, kwani yakiwa na unyevu kidogo si yanakaukia humo humo? Anaelezwa habari ya ukungu na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na huo ukungu, kwamba huioni kwa macho na haitoki kwa kupika ugali ukaiva vipi. Mama kimya kidogo, kisha: sasa sisi mahindi yakichafuka tunakoboa, tunakula sembe, pumba tunawapa kuku. Ni sawa?

Binti hana jibu. Anageuka anamwita mwalimu wake, mwalimu anaacha chai yake anakuja, na kinaanza kikao cha nusu saa pale, wamejazana watu wengine wanne, kwamba kukoboa kunapunguza kweli kwa mlaji kwa sababu sehemu kubwa ya sumu inakaa kwenye ganda na kiini, lakini maana yake hiyo pumba ndo imebeba sehemu kubwa ya sumu, na ukimpa kuku inamdhuru, na ng'ombe wa maziwa inatokea mpaka kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Mama kauliza swali ambalo ukumbini angeliulizia wapi? Angepewa namba ngapi kwenye yale matatu?

Na jambo lenyewe sio la mchezo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Habari za sumukuvu kwenye vyuo vyetu zilikuwepo kabla ya hapo, zimeandikwa, zina machapisho. Kilichokosekana ni hiyo chupa na chumvi kufika kwenye kaya kabla ya gunia kufungwa.

Au chukua panya wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wale panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya kutafuta mabomu Kambodia. Ukimwonyesha mtoto panya wa namna hiyo haondoki, na mzazi wake haondoki, na wakiwa wamesimama wanaambiwa panya anaweza kupitia sampuli mia za makohozi kwa dakika ishirini, kazi ambayo maabara ingechukua siku kadhaa. Mtu anayekohoa wiki ya tatu anasikia hapo hapo kwamba kikohozi kikizidi wiki mbili aende kupima. Hajaja kutafuta elimu ya afya, kaja kuona panya. Wakubwa wanaita hiyo sarakasi, mi naita ni ufundi wa kufundisha na wengi wetu hatuna.

Sasa nisiwe kama wakala wa mabanda, maana madudu yapo. Mabanda mengi ni ya udahili tu, karatasi ya kozi na ada, "sifa ni principal pass mbili", kalenda, peremende. Yale maonesho ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, pale Mnazi Mmoja udahili ndo kazi yake, huwezi kuyalaumu, lakini Sabasaba na Nane Nane chuo kinaweza kufanya zaidi ya kusajili wateja. Halafu kuna bunifu ambazo tunazijua kama tunavyojuana na majirani, mashine ileile ya kukaushia, mwaka jana ilikuwepo, mwaka huu imepakwa rangi upya, sokoni haipo na hakuna anayeuliza imekwama wapi. Na mgeni rasmi akifika, kila anayeuliza swali anasukumwa pembeni mpaka mheshimiwa apigwe picha ameshika kitu asichokijua. Itifaki imeshajua njia ya kufika hata huko.

Na kuna kitu banda haliwezi kabisa, hapa nawapa watetezi wa mhadhara haki yao. Yule mama anajua sasa kukausha mahindi. Lakini kwa nini mwenzake anauza mahindi mabichi shambani, tena kwa bei ya kutupa? Kwa sababu ada haisubiri, deni la mbolea halisubiri, na mnunuzi amekuja na mzani wake. Hilo huliweki kwenye chupa. Linahitaji mtu asimame saa nzima apange hoja kuanzia bei, maghala, ushirika, mpaka siasa, na aliyesimama abishiwe. Meza yenye vipeperushi inamfundisha mkulima abadilike yeye, haimuulizi mtu mwingine yeyote kwa nini hajabadilika. Chuo kikibaki na mabanda peke yake kinakuwa ofisi ya ugani yenye wahitimu wengi.

Ndo maana navutiwa na namna SUA wanavyofanya Kumbukizi ya Sokoine, mada ndani na maonesho nje, kwa siku hizo hizo. Sokoine alifariki akiwa Waziri Mkuu Aprili 1984, chuo kikaanzishwa kwa jina lake Julai mwaka huohuo, kwa hiyo sababu ya kuwa na mhadhara wa heshima ipo kabisa, na bado mfugaji anaweza kuja na swali la mnyama wake. Kama swali la pumba lingetoka mezani likaingia ukumbini likajadiliwa na maprofesa watatu mbele ya mama mwenyewe, hapo mhadhara ungekuwa na cha kujibu, sio mada iliyochaguliwa na kamati.

Kinachozuia ni kitu cha kawaida sana. Mhadhiri anapanda cheo kwa machapisho. Wiki nzima ya kusimama juani Nane Nane kwenye faili lake ina uzito gani? Kwa hiyo anatumwa mkufunzi msaidizi na wanafunzi na mtu wa kitengo cha mawasiliano, wakubwa wanabaki ofisini, halafu wanatuambia mabanda hayana kina. Kina kitatoka wapi wenye kina hawajaja?

Mzee mmoja kati ya hao wanaolalamika kila mwaka nilimwambia juzi, prof, njoo ukae na sisi bandani siku moja tu, uone watu wanauliza nini. Akafikiria, akasema wazo zuri. Akauliza posho ya siku ni kiasi gani.