Pakiti za Nairobi hazina haja ya kupitia London

Novemba 2000, kampuni za intaneti za Kenya zilifungua KIXP, kituo cha jijini Nairobi cha kubadilishana trafiki ya ndani, yaani data inayosafiri kwa vipande vidogo (pakiti) kati ya mitandao ya nchini. Telkom Kenya ikalalamika kwamba kituo kinaingilia haki yake ya pekee ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa, ingawa trafiki yenyewe haikuvuka mpaka. Mdhibiti wa mawasiliano wa wakati huo, Tume ya Mawasiliano ya Kenya (CCK), akaamuru kifungwe. Kilirudi kazini Februari 2002.

Bila kituo hicho, wakati huo barua pepe ya kutoka jengo moja kwenda la jirani ilipanda setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, ikatua Ulaya au Marekani, kisha ikapanda tena kurudi. Safari hiyo ilikula karibu nusu sekunde, na jibu nusu nyingine. Mikongo ya baharini ya mwaka 2009 ilipunguza adha, haikuimaliza. Mwanga ndani ya faiba, nyuzi za kioo zilizo ndani ya mikongo hiyo, huenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde, kwa hiyo mitandao miwili ya Nairobi ikikutania London, kilichostahili milisekunde chache huchukua mamia. Anayepiga simu ya video anakuta maneno yanagongana.

Mtandao mkubwa unaokataa kubadilishana trafiki na mdogo bila malipo, hata ikazungukia ng'ambo, una hoja nzito. Umechimba mitaro na kulaza faiba hadi miji ya mbali kama Kitale na Garissa, ilhali mdogo ana ruta moja (kifaa cha kuelekeza data) kwenye chumba cha kukodi Nairobi. Kwa nini ambebee mizigo nchi nzima bure? Tena kituo chenyewe si dawa ya kila kitu: lango la mtandao kuingilia kituoni likijaa, pakiti hupotea hata kama safari ni fupi.

Hata hivyo trafiki hiyo imeombwa na mteja wa huyo mkubwa, aliyekwisha kulipia bando lake. Kuizungusha ng'ambo ni kumpunja, na pande zote mbili hulipia njia ya kimataifa kwa dola. Utafiti wa Internet Society wa 2020 ulionyesha trafiki inayobadilishwa ndani ya Kenya imepanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70. Kampuni kubwa za maudhui kuweka seva zao nchini kulichangia sana, kwa hiyo sifa zote zisiende kwa watoa huduma.

Kwa maoni yangu, mkubwa asilazimishwe kubeba bure hadi Kitale. Kipande hicho kiwe na bei iliyo wazi. Kukutana Nairobi ndiko kusiwe hiari. Mdhibiti apime njia za pakiti kila mwezi na kutangaza nani anapeleka trafiki ya ndani London, ili mteja ajue kabla hajanunua.